Waliompigia Makofi Mnyapara

Renatus Shigela aliwahi kutemewa mate mchana kweupe, mbele ya duka la vitambaa la Jaffer, na mwanamke ambaye hakumjua hata kwa sura. Akajifuta shati, akaenda zake huku anatabasamu. Miaka hiyo alikuwa kijana, fundi katika karakana ya reli hapa Tabora, na saa za jioni alikuwa mwigizaji. Mate yale hayakumhusu yeye. Yalimhusu Mnyapara Lugoma.

Kwa waliozaliwa juzi, habari yenyewe ni hii. Mwishoni mwa miaka ya sabini kikundi cha utamaduni cha wafanyakazi mjini kilitunga mchezo wa jukwaani uliojaa nyimbo na ngoma mwanzo hadi mwisho. Waliuita "Mzigo wa Nyamizi". Ulihusu msafara wa pembe za ndovu unaotoka Ujiji, unapita hapa, unashika njia ya pwani. Nyamizi ni mke wa mpagazi. Mumewe anakufa kwa ndui njiani, na yeye, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, anatwishwa mzigo wa marehemu. Mnyapara Lugoma, msimamizi wa wapagazi, hataki kusikia habari za kupumzika. Nyamizi anapoanguka, Lugoma anamchapa kiboko mbele ya wenzake wote, na hakuna anayethubutu kuinua mkono. Anajifungua palepale kwenye vumbi. Msafara unaondoka.

Nyimbo za mchezo ule zilitoka jukwaani zikaingia majumbani. Wanawake waliziimba wakibangua karanga. Kwaya moja ya kanisani iliazima sauti ya wimbo wa mwisho ikaubadilishia maneno. Watu walitoka Urambo na Sikonge kuja kuutazama, na waliokwisha kuuona walirudi na shangazi zao.

Renatus alipewa unyapara kwa sababu ya urefu wake na sauti yake nene. Nyumbani alikuwa mtu wa kumwita jirani amchinjie kuku. Lakini akishika kile kiboko na kukiinua, ukumbi mzima ulivuta pumzi. Alikuwa anapiga robota la mzigo lililolazwa kando ya mwigizaji, wala kiboko hakikumgusa dada wa watu, ila waliokaa vitini hawakuliona robota. Akina mama walilia kwa sauti. Siku moja kiatu kilirushwa kikampata begani. Sokoni kulikuwa na muuza nyanya aliyemgeuzia mgongo kila akimsogelea. Alipopeleka posa kwa kina Pelagia, mama mkwe mtarajiwa alisema, "Simpi mwanangu mtu aliyempiga mja mzito," na ilibidi mjomba wa binti aletwe nyuma ya jukwaa aonyeshwe lile robota ndipo ndoa ikapatikana.

Mambo haya Renatus aliyasimulia miaka yote kwa fahari. Alistaafu, watoto wakakua wakatawanyika, kikundi kikafa pamoja na mashirika yaliyokilisha, naye akabaki na mizinga yake ya nyuki upande wa Kigwa na nyumba yake ya Isevya. Ukimkuta barazani angekwambia kwamba watu wa mji huu wana utu, na ushahidi anao, maana walimchukia yeye miaka yote ile bila hata mmoja kusita.

Kisha akaja Urvi.

Urvi ni mtoto wa hapahapa, binti wa muuza vipuri vya baiskeli, aliyekwenda kusomea sanaa Dar es Salaam akarudi na hamu ya kuufufua mchezo. Alimkuta Renatus barazani, akampa shikamoo, akaketi kwenye kigoda bila kusubiri kuletewa kiti.

"Mzee Shigela, nimeambiwa nyimbo zote unazo kichwani."

"Marahaba mwanangu. Ninazo. Ila sauti imezeeka."

"Sauti tutaitafuta kwingine. Nipe nyimbo."

Akampa. Kwa majuma mengi vijana walikuja nyumbani kwake kujifunza, na Pelagia akawapikia uji wa karanga. Aliyechaguliwa kuwa Nyamizi alikuwa Elieth, binti wa Nzega, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na Renatus alimpenda mara moja kwa namna alivyouliza maswali. Kuhusu mnyapara, Urvi alisema tu kwamba atatoka Dar na kwamba atajaza ukumbi. Wageni wa Dar walipofika kwa mazoezi ya mwisho, Renatus alikuwa shambani anarina asali. Hakuwaona mpaka siku ya onyesho lenyewe.

Ilikuwa Jumapili mchana. Renatus alivaa suti yake ya kijivu, Pelagia akavaa kitenge kipya, wakakalishwa safu ya mbele kama wageni wa heshima. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwanzo ulimfurahisha. Wapagazi waliingia kwa mwendo uleule wa kuyumba na mizigo, mume wa Nyamizi akafa vizuri, Elieth akauimba wimbo wa kutwishwa mzigo hadi mikono ya Renatus ikasisimka.

Hapo taa zikazimwa. Moshi ukatoka kwenye mashine, spika zikaanza kutetemesha viti, na mlango wa nyuma ya watazamaji ukafunguliwa. Mnyapara Lugoma aliingilia kwa watu. Alikuwa mwanamuziki wa Dar anayejiita Shubiri, kijana mzuri wa sura, miwani nyeusi, mkufu kifuani, kiboko kimezungushwa shingoni kama skafu. Watu walipiga mayowe. Wasichana waliruka juu ya viti. Simu zikainuliwa ukumbi mzima.

Wimbo wa kiboko ulikuwa umegeuzwa singeli, ule muziki wa kasi wa Dar. Kila pigo lilikuwa na mdundo wake, na baada ya kila pigo Shubiri alinyoosha mkono kwa watazamaji nao wakajibu, "Mchape!" Akapiga. "Mchape!" Akapiga tena, akageuka, akakata kiuno, akapiga. Elieth alikuwa chini, amekumbatia tumbo la mito aliyofungiwa chini ya kaniki, anapiga kelele zisizosikika.

Renatus alidhani watu hawajaelewa. Akageuka kuwatazama. Jirani yake wa kushoto, bwana mwenye heshima zake ambaye Renatus humwona msikitini kila anapopita nje Ijumaa, alikuwa anacheka mdomo wazi, bisi zinamtoka zinaangukia kwenye goti la Renatus, zina mate. Nyuma yao mama mmoja alikuwa amemnyanyua mtoto wake juu ya kichwa ili aone vizuri anavyochapwa mwenye mimba. Mzee wa rika lake kabisa, mtu wa enzi zile, alikuwa amesimama anapunga fimbo yake ya kutembelea hewani akifuata mdundo. Nyuso zao zilikuwa zinang'aa kwa jasho na raha. Renatus alizikung'uta zile bisi gotini. Akamgeukia mkewe apate mtu wa kumshika mkono, akamkuta Pelagia anatikisa mabega, meno nje, anaimba.

Mwisho wa onyesho mshereheshaji akatwaa kipaza sauti. "Tunaye hapa mnyapara wa kwanza! Mnyapara mwenyewe wa enzi hizo! Babu, panda!"

Walimsukuma kwa mgongo hadi akajikuta jukwaani. Shubiri alimkumbatia, akamvisha miwani yake, akamtia kiboko mkononi. Elieth alikuwa bado chini, maana hawakumpa nafasi ya kuinuka.

"Babu, mchape! Babu, mchape!"

Aliwatazama kupitia ile miwani. Kisha akamtazama binti. Kipodozi kilikuwa kimemchuruzika hadi shingoni, na macho yake yalikuwa yamechoka.

"Fanya tu babu," alisema kwa sauti ya chini, "wanyamaze niinuke."

Renatus alifungua kiganja, kiboko kikaanguka. Akavua miwani, akampa Elieth mkono, akamwinua. Ukumbi ukazomea, kisha ukacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akashika ukuta wa choo, akatapika chakula chote cha mchana. Mbuzi wawili waliokuwa wanapekua takataka walimsogelea, akawafukuza kwa matusi ambayo hakuwa ameyatamka tangu karakana.

Asubuhi yake hakumsemesha mkewe. Pelagia alimwekea chai na michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa, akaketi mbele yake.

"Baba Leonia, umenuna tangu jana. Sema."

Leonia ni mtoto wao wa kwanza, na jina hilo ndilo waliloitana kwa miaka yote.

"Ulikuwa unaimba, Mama Leonia."

"Nilikuwa naimba. Wimbo ni mtamu."

"Mtu anachapwa, wewe unaimba?"

"Hachapwi mtu. Wewe mwenyewe ulinionyesha robota."

"Zamani ulilia."

"Zamani nilikuwa msichana, nilikuwa nakutazama wewe." Akamimina chai kwenye sahani ipoe. "Na nikwambie jambo. Wewe ulikuwa jukwaani na taa usoni. Mimi nilikuwa vitini. Akina mama walilia, ni kweli. Lakini nyuma kule, kwenye zile benchi za wanaume, walikuwa wanacheka. Wengine walikuwa wanasema, 'Mwongeze huyo.' Mjomba wangu mwenyewe, yule uliyemwonyesha robota, alicheka njia nzima kurudi nyumbani, akawa anamwigiza Nyamizi anavyoanguka."

Renatus aliweka kikombe chini. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi. Ningekwambia ili iwe nini?"

Alijaribu kuyakumbuka yale mabenchi ya nyuma. Hakuona kitu. Aliona giza tu, na sauti za vilio alizokuwa amezihifadhi miaka yote, na sasa ndani ya vilio vile alianza kusikia kitu kingine. Kinyaa cha jana, ambacho kiliwahusu watu wa siku hizi tu, kikarudi nyuma hadi ujanani kwake, kikaingia hata kwenye harusi yake. Akaisukuma michembe kando.

Ilipofika adhuhuri Urvi alikuja, na Elieth nyuma yake. Urvi alikuwa na furaha na aibu kwa pamoja.

"Mzee, nisamehe kwa ya jana. Lakini uliona watu? Mji mzima unaongea. Na mimi nilitaka hivyo. Mtu akishangilia ubaya kwa mdomo wake, si anajiona alivyo?"

"Amejiona wapi, mwanangu? Amejirekodi."

Urvi akainama. Renatus hakumwonea huruma. "Yule bwana wa jirani yangu alikuwa anatema bisi kwa raha. Alijiona? Yule mama aliyemnyanyua mtoto alijiona? Umewapikia uchafu wakala wakaomba tena, unaniambia wanajifunza."

"Babu," Elieth akaingilia, "mimi ndiye niliye chini pale." Alizungumza taratibu, anachezea ncha ya mtandio wake. "Kwenye mazoezi sikujua. Jana ndiyo nimejua. Ukilala pale unawasikia mmoja mmoja. Kuna mmoja alikuwa ananiita kwa jina langu, si Nyamizi, Elieth. 'Mchape huyo Elieth.' Sura yake ninaijua, tunanunua vocha kwake."

Pelagia aliyekuwa mlangoni akakaa chini.

Urvi akaeleza kilichowaleta. Alikuwa ameahidi onyesho la bure Kigwa, kwenye uwanja wa shule, kwa sababu njia ya misafara ilipita maeneo yale. Shubiri hataki kwenda kijijini. Mnyapara hayupo. Elieth ndiye aliyesema waje kwa mzee.

"Nitakwenda," Renatus alisema kabla Urvi hajamaliza. "Ila singeli siitaki. Na ngoma ikifika pale kwenye kiboko inyamaze kabisa. Wasikie ngozi peke yake tuone nani atacheza."

Walikwenda Kigwa kwa lori dogo. Asubuhi ile wenyeji waliwapokea kwa salamu nyingi za "mwangaluka" na maji ya kunywa, na Renatus, ambaye watu wengi walimjua kwa habari ya mizinga yake, alisalimiwa kama ndugu. Moyo wake ukatulia. Hawa ni watu wa jembe na ng'ombe, aliwaza, hawa hawajaharibika. Hakujua kwamba video ya Tabora ilikuwa imefika kabla yao. Ilikuwa kwenye kila simu pale uwanjani.

Mchezo ulianza jua likiwa limeinama upande wa reli. Watu walikaa chini, wengine juu ya baiskeli zao, wengi sana. Renatus alipotokea na kiboko, kichekesho chake kikawa umri wake. Walicheka. Akavumilia. Elieth akaanguka. Ngoma zikanyamaza kama walivyokubaliana. Akainua mkono, akapiga robota.

Ule mlio mkavu ulipita uwanjani. Watu wakatulia. Akapiga tena. Mahali fulani mtoto akaanza kulia, na Renatus, Mungu amsamehe, alifurahi.

"Mchape!"

Sauti ilitoka mbele, kwa mwanaume wa shati la kijani, mtu mzima mwenye kitambi kidogo, mnunuzi wa mahindi anayejulikana pale. Wenzake wakacheka. "Mchape!" akarudia, na sasa wengine wakamfuata, wanapiga makofi kujitengenezea mdundo ambao ngoma zimewanyima. "Mchape! Mchape!" Vichwa vinatikisika, meno nje, uleule uso wa Tabora umekaa juu ya mabega ya Kigwa.

Hasira ikampanda Renatus. Akaacha mchezo. Akasogea hadi ukingoni mwa jukwaa la mbao, akaugeuza mpini wa kiboko kumwelekea yule bwana.

"Unaona raha? Njoo umchape wewe."

Alitegemea aone haya. Alikuwa na hakika kabisa. Yule bwana alitazama kulia na kushoto, akaona wenzake wanamtazama, akacheka, akapanda. Alimpa mwenzake simu yake amrekodi, akakipokea kiboko, akakipima uzito. Kisha akashusha mkono kwa nguvu zake zote. Hakulijua robota, wala hakulitafuta. Alimpiga Elieth kwenye paja.

Elieth hakuigiza kile kilio. Kila mtu alijua. Makofi yalikatika, yakabaki mawili matatu ya watu wa nyuma wasioona. Yule bwana alisimama na kiboko mkononi, tabasamu halijatoka usoni, akasema, "Si mmesema nimchape?"

Renatus alimrukia kifuani, wote wawili wakaanguka chini ya jukwaa kwenye vumbi. Mzee alikuwa juu yake anampiga ngumi hovyo, na pua yake ikawa karibu na mdomo wa yule mtu, akavuta harufu ya pombe na nyama choma, akahisi kichefuchefu kilekile, mpaka akamwachia ili asimtapikie. Watu wakawatenganisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alipanda jukwaani bila kuitwa, akavua kanga yake ya juu, akamfunika Elieth miguu, akamwongoza kwenda darasani. Wanawake wengine wakainuka wakaondoka na mikeka yao, kimya, hawamtazami mtu. Wanaume walibaki wamesimama wanajadiliana kosa ni la nani.

Ndani ya darasa Elieth alikuwa amekaa juu ya dawati. Alama ilikuwa imevimba, nyekundu, inatoa damu kidogo pembeni. Urvi alikuwa analia. Elieth hakuwa analia.

"Babu, kwa nini ulimpa?"

"Nilidhani ataona haya."

"Ulibahatisha kwa mguu wangu."

Yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, naye alimtazama Renatus kwa jicho ambalo mzee alilifahamu vizuri, ila safari hii hakuwa na robota la kumwonyesha.

Walipeleka habari kwa mwenyekiti wa kijiji, yule mnunuzi wa mahindi akaitwa, akaomba radhi huku anatazama saa yake, akatozwa mbuzi ambaye Elieth alikataa kumpokea. Video ilizunguka mkoa mzima siku hiyohiyo. Ndani yake Renatus anaonekana wazi anakabidhi kiboko. Wengi walioitazama waliandika chini yake alama za kucheka.

Nyumbani Pelagia aliitazama mara moja kwenye simu ya jirani, akairudisha kwa vidole viwili kama kitu chenye usaha. Hakumlaumu mumewe. Usiku na mchana uliofuata hakuimba, naye kwa kawaida ni mtu wa kuimba hata akiosha sufuria.

"Yule binti, kwao Nzega ni wapi?" alimwuliza mwishowe. "Chukua asali uende. Na mimi nakuja."

Kwa kina Elieth walimkuta anachambua mchele uani na mama yake. Pelagia akatangulia kusalimia. Renatus alisimama na dumu la asali mkononi, kofia ameishika, akasema yale aliyokuwa ameyapanga ndani ya basi: kwamba alifanya ujinga, kwamba alitaka kumkomoa mtu kwa mwili wa mwingine, kwamba hana la kujitetea.

Elieth alimsikiliza mpaka akamaliza. "Asali nitaipokea," alisema. "Msamaha bado."

"Nimeelewa."

"Ila ukae, unywe maji. Mama, huyu ndiye aliyenifundisha wimbo wa mwisho."

Wakakaa. Ndipo Elieth akawaambia kwamba onyesho lililopangwa kufanyika Nzega lipo palepale na yeye atacheza. Alikuwa amempa Urvi sharti moja: kiboko kisipande jukwaani, wala mnyapara. Urvi alibishana kutwa nzima kisha akakubali. Shubiri aliposikia wimbo wake umeondolewa aliondoka na mashine yake ya moshi.

"Watakuja kutafuta kiboko," Pelagia alisema.

"Najua, bibi. Waje."

Walikuja. Siku ya onyesho uwanja ulifurika, vijana wa machimbo, wauza pamba, familia nzima nzima, na kabla mchezo haujaanza tayari kulikuwa na kundi linaloimba "mchape" kupasha koo. Renatus na Pelagia walikaa katikati ya watu safari hii, kwenye benchi kama kila mtu.

Mchezo ulikwenda vizuri hadi pale. Nyamizi akatwishwa mzigo. Wapagazi wote wakageuka, wakawapa watazamaji migongo, wakasimama hivyo. Elieth akabaki peke yake mbele, robota kichwani, kimya. Akatembea. Akaanguka. Akajiinua, akalitwaa tena robota, akatembea, akaanguka. Hakuna aliyempiga. Kila akianguka mwili wake ulishtuka kama umepigwa.

"Mnyapara yuko wapi?" mtu akapaza sauti.

"Tumelipia kiboko!"

"Rudisheni viingilio!"

Chupa ya maji ikaruka ikaangukia miguuni pa Elieth. Akaipita. Watu wakaanza kuinuka, kwanza wawili wawili, kisha safu nzima, wanasukumana, wanalalamika kwa sauti ili wasikike. Bwana aliyekaa karibu na Renatus, shati limepigwa pasi vizuri, alimgeukia akamkazia macho.

"Mzee, wewe si yule wa kwenye video? Nenda basi ukamtandike kidogo, watu wapate walichofuata."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba dirisha lifunguliwe. Renatus alimtazama, mkono wake safi, pete yake ya ndoa, masharubu yaliyochongwa. Hakuwa mlevi wala mhuni. Angeweza kuwa mwalimu au karani, mtu wa kumwachia watoto wako. Renatus alihisi ngozi inamsisimka kama ameguswa na konokono, akainuka, akahamia upande wa pili wa Pelagia ili asigusane naye bega. Yule bwana akashangaa, akavuta mdomo, akaondoka na wenzake.

Uwanja ukabaki na mapengo. Waliosalia walikuwa wanawake zaidi, na wanaume wachache waliotawanyika. Elieth akaanza wimbo wa mwisho, ule ambao enzi hizo ukumbi mzima uliuimba pamoja na Nyamizi hadi mwisho. Safari hii hakuna aliyeuitikia. Waliusikiliza tu. Pelagia alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mwanamke mmoja alitoka safu za nyuma, ameshika kandambili zake mkononi.

"Sogeza miguu baba nipite," alimwambia Renatus. "Nataka kukaa mbele."

Akasogeza.

Urvi anaendelea kuuzungusha mchezo mashuleni, bila kiboko, na watu hawajai kama mwanzo. Elieth bado ni Nyamizi wake. Akipita Tabora huja Isevya kunywa uji, na siku moja katika mazungumzo mengine kabisa alimwambia Renatus kwamba ile habari ya Kigwa imekwisha, wasiizungumze tena. Shubiri naye ametoa wimbo wa kiboko kivyake, umeshika chati, na mjini hapa kila bajaji inaupiga. Renatus akiingia kwenye bajaji, wimbo ukaanza, hulipa nauli yote na kuteremka papo hapo.

"Babu, hatujafika!" dereva humwambia.

"Nitatembea."

Pelagia hateremki kila mara. Siku miguu ikimsumbua hubaki ndani na makapu, akamwomba dereva apunguze sauti, akatangulia nyumbani kuinjika chai.